Kozi ni ya Bure, Lakini Unalipia Nini? Jinsi ya Kusoma Mtandaoni Bila Kupoteza Pesa

"Hongera! Umechaguliwa kusoma kozi ya bure ya kompyuta kutoka chuo kikuu cha ng'ambo. Nafasi zimebaki 12 pekee. Tuma Sh1,500 ya usajili kwa nambari hii kabla ya saa sita usiku."

Huenda umewahi kupata ujumbe kama huu kwenye WhatsApp au Facebook. Labda uliufuta. Labda ulisita kidogo, ukafikiria kijana wako aliyemaliza kidato cha nne na bado yuko nyumbani, ukajiambia: Sh1,500 ni nini, kama mtoto atasoma?

Hebu tusome huo ujumbe tena polepole. Kozi ni ya bure, lakini kuna ada ya usajili. Nafasi zimebaki 12, ilhali video ya mtandaoni haina viti vya kujaa. Chuo ni cha ng'ambo, lakini pesa zinaenda kwa nambari ya mtu binafsi. Hapo ndipo penye shida.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kozi za bure kutoka vyuo vikubwa zipo kweli. Ni nyingi, nyingine ni nzuri sana, na unaweza kuanza leo jioni ukiwa na simu yako tu. Tapeli hutumia jambo la kweli kuuza uongo. Kwa hivyo leo tunataka tukueleze hizi kozi zilitoka wapi, nini ndani yake ni bure na nini si bure, na lini ni sawa kulipa. Ukisahau mengine yote, kumbuka hili moja: soma kwanza, lipa baadaye.

Zilianzaje?

Mwaka wa 2001, chuo kikuu cha MIT huko Marekani kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake kwenye intaneti ili mtu yeyote duniani ayasome bila malipo. Mpango huo unaitwa OpenCourseWare, na bado upo. Unapata maelezo ya mwalimu, mazoezi, mitihani ya zamani na, kwa baadhi ya masomo, video. Hakuna kujisajili na hakuna kulipa. Lakini pia hakuna mwalimu wa kukusahihishia na hakuna cheti. Ni kama kuingia maktaba: vitabu ni vyako usome, lakini hakuna anayekusimamia.

Mwaka uliofuata, 2002, UNESCO iliitisha mkutano huko Paris na jina likapatikana kwa vifaa vya aina hii: rasilimali huria za elimu. Wakati huo huo, hapa kwetu, makao makuu ya Chuo Kikuu Pepe cha Afrika yalihamishiwa Nairobi. Chuo hicho kilikuwa kimeanzishwa mwaka wa 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia, kikifundisha kwa setilaiti. Kwa hivyo wazo la kusoma kutoka mbali si geni hapa.

Moto uliwaka mwaka wa 2011. Walimu wawili, Sebastian Thrun na Peter Norvig, walifungulia dunia nzima somo lao la akili bandia katika chuo kikuu cha Stanford. Watu wapatao 160,000 walijiandikisha. Mwaka wa 2012 zikazaliwa Coursera, Udacity na edX, na gazeti la New York Times likauita mwaka huo mwaka wa MOOC, yaani kozi kubwa za mtandaoni zilizo wazi kwa wote.

Watu walisema vyuo vikuu vya kawaida vitafunga milango. Havikufunga. Tutaona ni kwa nini.

Bure na huria si kitu kimoja

Maneno mawili hapa huchanganywa sana, na kuyachanganya kunaweza kukugharimu.

"Bure" maana yake hulipi. "Huria" ina maana zaidi ya moja, na lazima uulize ni ipi.

Kwanza kuna uhuria wa kunakili. Vifaa vikiwa na leseni huria, kama zile za Creative Commons, umeruhusiwa kuvipakua, kuvichapisha na kuwapa wengine, na mara nyingi hata kuvitafsiri. Mfano mzuri ni African Storybook, mradi ulioanza Afrika Kusini na wenye hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Mzazi anaweza kupakua hadithi, akaichapisha pale cyber, na mtoto akasoma bila kuhitaji simu tena. Masomo ya MIT pia yana leseni ya namna hii, lakini leseni hiyo hairuhusu biashara. Mtu akikuuzia noti za MIT OpenCourseWare, anakuuzia kitu ambacho ungepata bure, na yeye mwenyewe anavunja masharti.

Pili kuna uhuria wa kuingia. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake Agosti 2023, kinafundisha kupitia mtandao ili usilazimike kuhama nyumbani au kuacha kazi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwepo tangu 1992. Hivi ni vyuo kamili vinavyotoa digrii, na vyote viwili vina karo. Kwa hivyo ukisikia "chuo huria" usidhani umeambiwa "chuo cha bure". Na ukiulizwa karo na chuo cha aina hiyo, usidhani ni wizi. Pata tu nambari ya malipo kutoka kwa tovuti rasmi ya chuo chenyewe.

Tatu kuna kozi ambazo ni bure kutazama tu. Kozi nyingi za Coursera, edX na FutureLearn ziko hapa. Unaweza kupata sehemu ya masomo, au yote, bila kulipa, ila mtihani na cheti vina bei. Zamani hata cheti kilikuwa bure: edX iliacha kutoa vyeti vya bure mwishoni mwa 2015. Sababu si ngumu kuelewa. Kutengeneza kozi kunagharimu pesa nyingi, na wale wawekezaji wa mwanzo walitaka zirudi.

Bado wapo wanaotoa cheti bila malipo. freeCodeCamp, shirika lisilo la faida linalofundisha kuandika programu za kompyuta, halitozi kitu kwa somo wala kwa cheti. Na kuna walio katikati: University of the People, iliyoanzishwa 2009, haitozi karo ya masomo lakini ina ada ya kuomba nafasi na ada kwa kila kozi unayofanyiwa tathmini. Hakuna ubaya. Ubaya ni kuanza bila kujua.

Mbona wengi hawamalizi?

Hili ndilo jambo ambalo matangazo hayakuambii.

Mwaka wa 2019, watafiti wawili wa MIT walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kozi za MIT na Harvard kwenye edX tangu 2012. Zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuwahi hata kufungua somo la kwanza. Katika mwaka wa mwisho waliochunguza, kwa kila watu 100 waliojiandikisha, waliomaliza walikuwa kama 3. Na wanafunzi wengi walikuwa wakitoka nchi tajiri, si nchi ambazo kozi zilisemekana zitazisaidia.

Lakini kuna namba nyingine katika utafiti huo. Kati ya wale waliolipia cheti mwanzoni, karibu nusu walimaliza.

Mtu anaweza kusema: basi nitalipa kwanza ili nimalize! Tafadhali ngoja. Anayelipa mara nyingi ni mtu ambaye tayari ameamua, ana muda, na huenda ana kazi inayohitaji hicho cheti. Malipo yanaonyesha nia yake, lakini hayaiumbi. Ukilipa Sh6,000 bila nia, utabaki bila nia na bila Sh6,000. Na hata hao waliolipa, zaidi ya nusu hawakufika mwisho. Pesa zao zilienda.

Kuna njia nyingine ya kupata nguvu ya kumaliza. Kozi ya kwanza kabisa ya edX, mwaka wa 2012, ilihusu saketi za umeme. Watu takriban 155,000 walijiandikisha, na 7,157 wakafaulu. Mmoja wa waliopata alama zote alikuwa kijana wa miaka 15 kutoka Mongolia. Habari zake zilienea kote: tazameni, mtoto wa mbali, intaneti tu, akawashinda watu wazima! Lakini yeye hakusoma peke yake. Mwalimu mkuu wa shule yake, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma MIT, alikusanya kundi la wanafunzi wasome kozi hiyo pamoja, na akaja mkufunzi kutoka ng'ambo na vifaa vya kufanyia majaribio.

Video ilikuwa ile ile waliyopewa watu wote. Tofauti ilikuwa wale watu waliomzunguka. Sisi Wakenya tunajua chama ni nini. Ukipata wenzako wawili mkakutana kila Jumamosi alasiri, kila mmoja akaeleza alichosoma wiki hiyo, utamaliza kozi nyingi kuliko mtu aliye peke yake na bando kubwa. Na hiyo ndiyo sababu moja vyuo havikufunga: mtu anahitaji somo, lakini pia anahitaji mwalimu wa kumuuliza na wenzake wa kumsukuma.

Hesabu ya kozi ya "bure"

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue daftari.

Bando. Video ndiyo inayokula bando. Kwa kadirio, saa moja ya video kwa ubora wa 360p hutumia kama MB 300. Saa hiyo hiyo kwa 720p inaweza kupita GB 1. Tuseme kozi yako ni ya wiki 8, na kila wiki kuna saa 2 za video. Hizo ni saa 16. Kwa 360p utatumia kama GB 4.8. Kwa 720p utapita GB 16. Mwalimu ni yule yule, maneno ni yale yale. Kwa hivyo kabla hujabonyeza kitu, ingia kwenye mipangilio ya video ushushe ubora. Bora zaidi, ukipata wifi pahali, kwa mfano maktaba, pakua masomo ya wiki nzima uyatazame baadaye. Na kama kuna maandishi ya somo, yasome: kurasa za maandishi hutumia bando kidogo sana.

Shida ya bando si ndogo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalipelekwa kwa redio, televisheni na YouTube. Nyumba yenye simu janja na bando iliendelea. Nyumba yenye kabambe ilitegemea redio, na mtoto hawezi kuirudisha redio nyuma akikosa kuelewa. Somo lilikuwa bure kwa wote wawili.

Cheti. Bei huwa kwa dola. Tuchukue cheti cha dola 49, na tuseme dola moja ni Sh130. Hiyo ni Sh6,370, kabla ya ada ya kubadilisha pesa. Usiitoe mara moja siku ya kwanza. Fanya hivi: kila ukimaliza wiki moja ya masomo, weka Sh800 kando kwenye akiba ya simu yako. Usipomaliza wiki, usiweke. Baada ya wiki 8 utakuwa na Sh6,400 na kozi iliyokamilika, na hapo ndipo utaamua kama cheti kinafaa. Ukiachia njiani, pesa zako bado ziko.

Kabla ya kulipa, angalia pia kama kuna msaada wa ada. Coursera na edX zina fomu za kuomba kupunguziwa kwa wasio na uwezo. Majibu huchukua siku kadhaa, kwa hivyo omba mapema.

Usajili unaojirudia. Huu ndio mtego ambao si wizi lakini unauma. Kampuni nyingi hukupa siku 7 za kujaribu bure, ila kwanza wanaomba nambari ya kadi. Siku ya 8 kadi inakatwa, na mwezi ujao tena. Ukitumia kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pochi yako ya simu, usiache pesa nyingi humo. Weka kengele kwenye simu siku mbili kabla ya jaribio kuisha. Ukifuta usajili, hifadhi ujumbe wa kuthibitisha.

Muda. Saa 4 kwa wiki kwa wiki 8 ni saa 32. Kwa mama mboga au mtu wa boda, hizo ni saa za kazi au za usingizi. Si aibu kusema mwezi huu siwezi. Ni afadhali kozi moja uliyoimaliza kuliko tano ulizojiandikisha.

Cheti kina uzito gani?

Cheti cha kumaliza kozi ya mtandaoni si diploma wala digrii. Kinasema umemaliza masomo fulani, basi. Kwa mtu anayetafuta kazi ya kompyuta au ya kuuza bidhaa mtandaoni, mwajiri anaweza kukipenda, hasa ukimwonyesha pia kazi uliyofanya kwa mikono yako. Lakini kwa kazi zinazohitaji leseni, kama uuguzi au ualimu, hakitachukua nafasi ya mafunzo yanayotambuliwa na serikali.

Ukiambiwa kozi itakupa digrii, hakikisha na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Kama ni chuo cha ufundi, ulizia TVETA. Kuuliza ni bure kweli.

Na ukishapata cheti, kipakue ukihifadhi pahali pako mwenyewe. Kampuni hubadilika. edX ilinunuliwa na kampuni ya 2U mwaka wa 2021 kwa dola milioni 800. Mwaka wa 2024, 2U yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni. Masomo yaliendelea, lakini funzo ni kwamba usiachie rekodi zako zote kwenye tovuti ya mtu mwingine.

Matapeli hujificha wapi?

Sasa turudi kwa ule ujumbe wa Sh1,500. Hizi ndizo dalili:

1. Unaambiwa ni bure, kisha unaombwa pesa ya usajili, ya "kufungua akaunti" au ya "kutuma cheti".
2. Malipo yanaenda kwa nambari ya mtu binafsi. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Akaunti ya chuo haiwezi kuwa kwa jina la mtu binafsi.
3. Unaharakishwa. Haraka haraka haina baraka, na hapa haina hata kozi.
4. Unaahidiwa kazi baada ya kozi, lakini lazima ulipie kozi kwao kwanza.
5. Unaombwa PIN au nambari ya siri iliyotumwa kwa SMS. Hakuna shule duniani inayohitaji PIN yako. Hata sisi hatuiulizi.

Ukiona dalili moja tu, simama. Fungua kivinjari, andika jina la chuo mwenyewe, uingie kwenye tovuti yao. Usifuate kiungo ulichotumiwa. Kama kozi ipo kweli, utaiona huko.

Na kama tayari umetuma? Usione haya. Wasiliana na huduma kwa wateja mara moja uombe muamala urejeshwe. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa zikishatolewa ni vigumu kuzirudisha. Hifadhi jumbe zote na nambari ya muamala, kisha uripoti kituo cha polisi.

Zoezi la wiki hii

Chukua karatasi. Andika kitu kimoja unachotaka kujua kufanya, si jina la kozi. Kwa mfano: "Nataka kuweka hesabu za duka langu kwenye simu." Tafuta kozi moja ya bure inayofundisha hicho. Kisha jibu maswali haya kabla ya kujiandikisha:

- Ni saa ngapi kwa wiki, na nitazitoa wapi?
- Ni GB ngapi za bando kwa ubora wa chini?
- Iko katika lugha ninayoielewa vizuri? Nyingi ni za Kiingereza, na Kiswahili bado ni kichache.
- Ni nini bure: masomo, mtihani, cheti?
- Nani atasoma pamoja nami?

Swali la mwisho ukikosa jibu, tafuta jibu kabla ya kutafuta bando. Kisha somo la kwanza lifanye leo, si Jumatatu. Maji ukiyavulia nguo, yaoge.

Na mtu akikutumia ujumbe kwamba nafasi zimebaki 12, mwambie asante, wewe umeshaanza.